Pasipoti Ndani ya Koti la Fundi Kaza

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi cherehani aliyefariki wiki iliyopita. Wateja walimwita Fundi Kaza. Suruali aliyoshona ingechakaa magoti na kutoboka mifuko, lakini mshono ulibaki palepale. Mwenyewe alikuwa akisema, ukitaka nguo ya kufumuka, nenda kwa jirani.

Fundi Kaza alimlea mdogo wake wa kike tangu mama yao alipofariki. Huyo mdogo mtu alipokua akaenda nchi nyingine, kupika hotelini. Huko akaugua. Uvimbe tumboni. Madaktari wakapanga kumpasua Alhamisi asubuhi, wakasema kungoja zaidi ni hatari. Akampigia dada yake simu.

"Dada, naogopa," alisema. "Kama ni kufa, nisife bila kukuona."

Sikilizeni vizuri. Simu ilipigwa Jumatatu, upasuaji ni Alhamisi, na Fundi Kaza hakuwa na hela ya ndege. Ndege alizijua za kupita juu ya paa la kibanda chake. Alichokuwa nacho kilitosha mabasi ya bei ya chini kabisa, tena ya kwenda tu. Kurudi angejua hukohuko. Alibeba viazi vya kuchemsha. Gesti hakuziwaza, alilala kwenye mabenchi ya vituo.

Sasa, mtu anayelala kituoni anaogopa wezi. Akafanya kifundi. Aliingiza pasipoti ndani ya bitana ya koti, akaishonea humo kwa uzi mnene, mishono ya kukaza. Mkasi mdogo wa kufumulia akautia kwenye mkoba. Hapo akajiona mjanja.

Jumatano asubuhi, akipanda basi la mwisho la safari yake, mkaguzi akauona ule mkasi. Vitu vyenye ncha haviruhusiwi, akasema, akautupa kwenye ndoo. Fundi Kaza hakubishana. Alikimbilia kuwahi kiti, akili yake yote iko hospitalini.

Alikuja kukumbuka mpakani, amekaribia kabisa dirisha la pasipoti. Pasipoti imo ndani ya bitana, na mkasi umebaki kwenye ndoo. Akamwomba wembe mtu wa nyuma yake, yule akasogea kando. Nani atakupa wembe mbele ya askari? Akavua koti, akaanza kung'ata uzi. Uzi ukagoma. Jamani, mshono wa Fundi Kaza, na Fundi Kaza mwenyewe hawezi kuufumua. Aling'ata mpaka fizi zikatoka damu.

Askari akamwendea. "Mama, umeshona nini humo?"

Akajibu ni pasipoti. Askari hakucheka. Kwake yeye, anayeshonea kitu ndani ya koti ana la kuficha. Akampeleka chumba cha ukaguzi, akaambiwa akae asubiri. Nje basi likapiga honi. Likapiga tena. Dirishani alimwona kondakta akishusha begi lake, akaliweka vumbini. Halafu basi likaondoka.

Ndipo akaja askari wa kike na kisu, akapasua bitana kutoka kwapani hadi kwenye pindo. Pasipoti ikaanguka mezani. Kingine hakikuwemo. Wakagonga muhuri, wakamwambia aende zake. Aende na nini? Nauli yake ilikuwa imeondoka na lile basi.

Akasimama barabarani, koti linaning'inia, anapungia kila kilichopita. Alilia, wala hakujificha. Jioni dereva wa lori la vitunguu akamhurumia. Mbele palikuwa pamejaa, akampandisha juu ya magunia.

Alhamisi asubuhi, mdogo mtu alikuwa anasukumwa kwenye kitanda cha magurudumu. Alikuwa ameshakata tamaa.

"Nikasikia harufu ya vitunguu," ametusimulia. "Kugeuka, namwona dada koridoni, koti limechanika, midomo imevimba. Akaniambia, 'Nimefika. Nenda.' Nikaenda."

Alipasuliwa, akapona. Ni mzima hadi leo.

Wiki iliyopita ikawa zamu ya Fundi Kaza. Presha, ghafla tu. Mdogo mtu akapigiwa simu. Bado ni mpishi, na hela bado ni za kuungaunga. Naye akapanda mabasi ya bei ya chini. Alifika siku moja baada ya maziko. Tulimwomba aseme neno.

"Dada aliniwahi," akasema. "Mimi sikumwahi."

Wasikilizaji wapendwa, kila mmoja wetu ana mtu wake wa mbali, na kila siku tunasema tutakwenda hela ikipatikana. Tulifikirie hilo leo. Kwa familia ya Fundi Kaza na wateja wake wote, poleni sana. Mungu amlaze mahali pema. Na wewe mdogo wake, ambaye umepanda basi leo asubuhi kurudi kazini, kama redio ya dereva imewashwa, nisikilize. Siku uliyopigiwa simu, siku hiyohiyo uliondoka. Pole sana, ndugu yetu.