Mgeni Aliyeomba Mbuzi

Mheshimiwa Mkuu wa Tarafa. Mchungaji Elijah na ujumbe wako kutoka Singida. Wazee wenzangu wa baraza la kanisa. Akina mama mliopanda lori alfajiri huko Kakuma ili mtufikie hapa Lodwar. Ndugu wageni waalikwa: nawasalimu kwa Kiturkana, ejok.

Naanza kwa kuomba radhi. Tangu Pasaka mmeniuliza, mimi mwenyekiti wa baraza, iwapo Mwalimu Sylvia ataruhusiwa kubaki Kakuma mwaka mmoja zaidi wenzake watakaporejea Tanzania. Nimenyamaza hadi leo, siku ya kuwaaga. Kimya hicho hakikuwa dharau. Wazee wamegawanyika, na mwenyekiti hatangazi jambo ambalo halijaamuliwa. Hata hivyo, kusifu hakuhitaji azimio la baraza.

Ndugu zangu, wageni hawa wameishije? Waliamka kabla jua halijalichoma bati, wakasali, wakapanga foleni bombani na madumu yao kama mkimbizi yeyote wa kambi ya Kakuma. Nilimkuta Mchungaji Elijah amepiga magoti vumbini akikaza kamba za kitanda cha mgonjwa. Nilimwona Mwalimu Sylvia akifundisha akina mama kusoma chini ya turubai. Upepo ulipovuma, aliufunika ubao kwa kanga yake na somo likaendelea kwa mdomo. Jumapili mahubiri yalipita katika lugha tatu, na mahubiri mafupi yakawa marefu. Nani aliondoka? Hakuna.

Lakini sisifu kwa upofu. Walikosea, na kosa lao lilitokana na wema. Kwao waliusiwa wasimlemee mwenyeji. Kwa hiyo walikuja na kila kitu: unga, sabuni, hata kuni. Kuni, ndugu zangu, kutoka Lodwar hadi Kakuma, mahali ambapo mama wa Kiturkana huishi kwa kuuza kuni! Hawakununua wala kuomba chochote kwa wenyeji, basi darasani waliketi wakimbizi kutoka Sudan peke yao. Wenyeji walisimama nje ya ua wa miiba, wakatazama.

Siku moja Mama Arukudi, ambaye ameketi pale mbele na shanga zake, aliingia akaomba kitambaa cha kichwa. Mwalimu akampa. Kesho yake akaomba sukari, akapewa. Kisha akarudi amekasirika. Nayanukuu maneno yake kama alivyoyasema:

“Nyinyi ni watu gani? Kila siku kupatia, kupatia. Kuomba hapana. Mimi sina kitu ya mtu kuomba?”

Mama Adeng, mkimbizi anayeongoza kwaya, akamcheka Mwalimu: “Sylvia, huko kwenu ulizaliwa na kila kitu? Mwombe mama wa watu!”

“Mama, naomba kuni,” Mwalimu akasema kwa sauti ndogo.

“Kuni tu? Omba kama mtu mzima.”

“Basi naomba mbuzi.”

“Eeh! Sasa umekuwa mtu.”

Sisi wa Turkana tunajua kwamba rafiki asiyekuomba kitu amekuhesabu kuwa huna kitu. Je, ni wageni wangapi wamekuja kwetu na malori yaliyojaa, wakaondoka bila kulijua hilo? Asubuhi iliyofuata mbuzi alifika kwa kamba, na nyuma yake Mama Arukudi na wake wenza wake. Walimfunga mbuzi kwenye nguzo ya turubai, wakaketi kando ya Mama Adeng, wakaomba chaki. Hawajatoka darasani hadi leo.

Wazee wenzangu, baadhi yenu mnasema kazi ya msafiri huisha na safari yake. Hoja hiyo ina uzito; siidharau. Lakini nilipokwenda Kakuma mwezi uliopita, Mama Adeng alinishika mkono, akaniambia: “Mzee, nimeweza kuandika jina langu. Jina la mume wangu bado. Mwalimu akienda, nitaliandika na nani?” Mumewe alibaki vitani, na hajasikika. Je, ninyi mna jibu la kumpa?

Mchungaji Elijah, kesho mkipita Kitale kurudi kwenu, wapelekeeni waliowatuma shukrani zetu. Waambieni mlitumika vizuri na mlikosolewa vizuri, nanyi mlikubali yote mawili. Mwalimu Sylvia atasubiri hapa Lodwar hadi baraza litakapoketi Jumatano. Kura yangu ni moja, na nitaipiga huko, si hapa.

Uamuzi ukishapatikana, nitaandika kwa mkono wangu, uwe wa kumbakiza au wa kumrudisha. Barua ya Singida itafuata baadaye. Ya kwanza itakwenda Kakuma, kwa Mama Adeng, na nitaiandika kwa herufi kubwa ili aisome mwenyewe.

Kwa utulivu wenu katika joto hili, nawashukuru nyote mlionisikiliza. Mungu awafikishe salama.