Chupa Iliyoondolewa Mezani

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wenzangu, wazazi wetu, na nyinyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimekwisha; na wewe, Mwalimu wangu, ambaye chuo kizima kinakuita Mama Povu, shikamoo.

Nimeombwa niseme maneno mawili matatu ya kumuaga. Mkuu wa Chuo ameniambia nisizidishe dakika tano na nichangamshe watu. Hilo la dakika tano nitajitahidi.

Mliokunywa soda yake kwa miaka ishirini na sita mnajua ladha. Sisi tuliopita jikoni kwake tunajua kazi. Tangawizi inapondwa, inachemshwa na sukari, inaachwa ipoe mpaka ukitia kidole usishtuke. Ndipo unakamulia ndimu na kutia chachu, kiasi kinachoshikika kwa ncha za vidole viwili. Unajaza chupa, unafunga, na chachu inakula sukari na kutoa gesi. Wengi hudhani hapo kazi imekwisha. Yeye alisema hapo ndipo inapoanza, kwa sababu chupa ya kioo haisemi. Iwe na gesi ya kuburudisha au gesi ya kujeruhi, sura yake ni ileile.

Kwa hiyo kila alipojaza chupa arobaini za kioo, alijaza na moja ya plastiki, kutoka sufuria hiyohiyo, akaiweka mwisho wa safu. Chupa kuukuu ya maji, imekunjamana, haina hata lebo. Kila baada ya saa chache unaibonyeza. Ikibonyea, unasubiri. Ikiwa ngumu kama jiwe, zote ziingie kwenye friji papo hapo, baridi iitulize chachu. Tuliiita Mama Mkwe. "Mkimkuta amekakamaa," alituambia, "msimuulize kulikoni. Kila mtu ashike kazi." Tukacheka, tukajifunza, na kwa miaka yote aliyokaa mwisho wa safu haikupasuka hata chupa moja.

Muda mfupi uliopita Mkuu wa Chuo amesimama hapa nilipo akasema, kwa sauti ya huruma, kuhusu yaliyompata Mwalimu, kwamba ajali haina kinga. Nilikuwa pale kwenye kiti changu, nikamsikia. Haina kinga? Ajali hii ilikuwa na kinga. Kinga yake ilikuwa chupa moja ya plastiki, na niliyeimwaga ni mimi.

Naomba mniache niendelee.

Miezi minne iliyopita wakaguzi walitarajiwa siku ya Ijumaa. Alhamisi mchana Mama Povu alikuwa darasani, na mimi, msaidizi wake, nilikuwa jikoni nikibandika lebo. Mkuu wa Chuo akaingia, akatazama ile safu, akafika mwisho.

"Na hili takataka?"

"Ndiyo ya kupimia gesi, Mkuu."

"Wageni wanakuja kuona bidhaa, hawaji kuona jaa. Liondoe. Na hizi nyingine zibaki hapahapa dirishani zionekane. Nani atasifia mlango wa friji?"

Nilimjibu nini? Nilimjibu, "Sawa, Mkuu." Mimi niliyefaulu somo la uchachushaji kuliko darasa zima, niliyejua jua la dirisha lile linavyochoma na joto linavyozidisha gesi, nilisema sawa, nikamwaga Mama Mkwe kwenye sinki, nikafungulia maji. Nilijiambia kwamba wakaguzi wakishaondoka nitazipeleka zote kwenye friji, na hakuna atakayejua.

Asubuhi ya Ijumaa Mama Povu akaingia akifunga aproni, hata hajaitazama safu. "Mama Mkwe anasemaje leo?"

"Bado laini, Mwalimu."

"Una hakika, mwanangu?"

"Nimembonyeza sasa hivi."

Akaniamini. Akanyanyua chupa ya kwanza ili aifute vumbi, ikapasukia mkononi mwake, na mbili za jirani zikafuata. Leo mmemwona akipokea zawadi kwa mkono wa kushoto, na wengine mmenong'ona kwamba si adabu. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunji tena. Hawezi kufunga kizibo. Hawezi kushika chachu kwa ncha za vidole.

Ripoti ya chuo inasema: "Uzembe wa mwalimu katika kusimamia usalama." Chini yake kuna sahihi ya Mkuu wa Chuo, na chini ya hiyo, sahihi yangu. Kwa maneno hayo amestaafishwa kabla ya wakati wake. Kwa maneno hayo ombi lake la kibali cha kufundisha akina mama nyumbani kwake limekataliwa mara mbili. Na mimi nimepewa nafasi yake na ufunguo wa jiko lake. Je, hii ndiyo sherehe tuliyoalikwa? Tunampa saa ya ukutani, tunampigia makofi, kisha tunamrudisha nyumbani na jina la mzembe?

Wiki iliyopita nilikwenda kwake nikamweleza yote. Aliendelea kuchambua mchele kwa mkono wa kushoto.

"Nilijua," akasema. "Nikiwa hospitalini nilikumbuka sinki lilivyokuwa linanuka tangawizi asubuhi ile."

"Mbona hukusema, Mwalimu?"

"Ningesema, angekufukuza na wewe. Jiko lingebaki na nani?"

Nikamwomba msamaha. Akasema, "Bado. Umeniambia mimi, na mimi nilikwishajua. Kawaambie wasiojua."

Basi nimewaambia.

Mheshimiwa mgeni rasmi, bahasha hii ina maelezo yangu mapya, na barua ya kuirudisha nafasi niliyopewa kwa uongo. Naomba uipokee wewe, si ofisi ya chuo. Naomba ripoti ile ibadilishwe, na Mwalimu wangu apate kibali chake. Mimi nitakubali adhabu yangu. Mkuu wa Chuo atafute yake.

Limebaki jambo moja. Mezani kuna chupa arobaini za kuagana, na mwisho wa safu nimemrudisha Mama Mkwe. Tangu sherehe ianze sijambonyeza, na mmeona jua lilivyo dirishani. Hatutafungua wala kugusa chupa hata moja mpaka Mkuu wa Chuo ainuke, apite mbele yenu nyote, ambonyeze Mama Mkwe kwa mkono wake, kisha amwambie Mama Povu ukweli kama ni mgumu au ni laini.

Tunakusubiri, Mkuu.

Nanyi nyote, kwa kunisikiliza mpaka neno hili la mwisho, asanteni.