Mama Ghati na Mechi za Nyota wa Japani

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na mitatu na miezi minne ya utumishi, Bi. Rosemary Ghati atavua beji yake na kuirudisha ofisini. Ofisi imekwisha kumwandikia barua mbili kumkumbusha kurudisha pia funguo za stoo ya mashuka. Zote mbili amezijibu kwa tabasamu tu.

Mama Ghati, mzaliwa wa Isibania, alianza kazi hapa Makao ya Wazee ya Mulberry Run, Annandale, huku Marekani, katika chumba cha kufulia. Alikunja mashuka vizuri kiasi kwamba wazee waliogopa kuyalalia. Baadaye akasomea uhudumu wa wagonjwa, akiingia darasani na sare ya kazi, na mwaka wake wa tatu akahamishiwa Wodi ya Mashariki. Ndiko nilikomkuta mimi, nesi mgeni kutoka Kericho nisiyejua hata kuwasha kiyoyozi. Alinifunza kumwinua mgonjwa bila kuuvunja mgongo wangu, na kujificha stoo dakika tano kila watu wanne wanaponiita kwa pamoja.

Katika wasifu kama huu mtu hutaja vyeti. Anavyo, viko ukutani. Mimi nataka kusimulia habari ya besiboli.

Miaka saba iliyopita tulikuwa na mkazi aitwaye Bwana Tanabe, fundi saa mstaafu kutoka Japani, mwenye umri wa miaka themanini na tisa. Mkewe alifariki mwezi wa tatu, na tangu siku ya mazishi hakutamka neno. Kiingereza alikijua vizuri. Aliamua tu kuachana nacho. Kufikia Julai alikuwa ameacha na chakula, na daktari akaanza kuzungumzia mpira wa kumlishia kupitia puani.

Binti yake anayeishi Herndon ndiye aliyetuambia kwamba kuna jambo moja ambalo baba yake hajawahi kulikosa. Kila Julai, ligi mbili kubwa za besiboli za Japani, Central na Pacific, hukusanya nyota wao, wengi wakiwa wamechaguliwa kwa kura za mashabiki, wakapambana. Mwaka ule zilikuwa mechi mbili, siku mbili mfululizo. Binti akatuunganishia chaneli ya Kijapani. Na kwa kuwa jioni ya kule ni alfajiri ya huku, saa kumi na moja na nusu Mama Ghati alimsukuma Bwana Tanabe kwenye kiti chake hadi sebuleni, akawasha televisheni.

Wazee wengine sita walikuwa wameamka, na wote walitaka kuelezwa kinachoendelea. Mama Ghati akajitolea kutangaza, kwa Kiingereza chake cha Isibania. Besiboli hakuijua. Alichowahi kucheza ni raundasi ya shule ya msingi, na alichowahi kusikiliza ni kandanda ya redioni. Akavichanganya.

"Anakuja na rungu lake! Anatazama kushoto! Mpira huo, mpira huo, umekwenda juu, umedakwa... Gooooli!"

Wazee wakashangilia. Goli la nne lilipoingia, Bwana Tanabe aligeuza shingo polepole, uso umemwiva kwa hasira.

"Katika besiboli," akasema, sauti ikikwaruza kama mlango wa ghala, "hakuna goli."

Nilikuwa mlangoni na trei ya dawa, na vidonge vyote vikaniponyoka. Mama Ghati hakushtuka. Akashika kiuno.

"Basi kuna nini, Baba? Nifundishe. Lakini mimi sifundishwi na mtu mwenye njaa."

Akala. Bakuli zima la uji na yai, akieleza kati ya kijiko na kijiko kwa nini mtu ambaye mpira wake umedakwa ametolewa, hajafunga chochote. Daktari alipopita saa tatu alisimama akamtazama, akaondoka bila kuandika neno.

Jioni ile dhoruba ikapiga. Miti iliangukia nyaya, umeme ukakatika mtaa mzima. Jenereta letu lilimudu taa za korido na friji ya dawa, si televisheni. Alfajiri tulimkuta Bwana Tanabe ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa shati na tai, anangoja.

"Huyu akirudi kulala leo, Chepngetich," Mama Ghati aliniambia, "hatutamwamsha tena."

Akafungua chaneli ile kwenye simu yake, akachukua plasta ya kufungia bandeji, akaibandika simu kwenye kioo cha nyuma cha gari lake pale maegeshoni, akaiunganisha na redio ya gari na kufungua milango yote. Tukamtoa Bwana Tanabe. Jirani yake akataka kutoka pia, na jirani wa jirani. Mwishowe walikuwa kumi na mmoja, upande mmoja Central, upande wa pili Pacific, wakigonga sufuria alizozileta Isack, mpishi wetu. Mzee mmoja alishangilia pande zote mbili kwa sababu simu yenyewe hakuiona.

Saa moja asubuhi likaingia gari jeupe. Alikuwa mkaguzi wa serikali, na wakaguzi hawapigi hodi: Mmarekani mweusi, mrefu, na faili kwapani. Nikaiona leseni yangu ikipaa. Mama Ghati, bila hata kugeuka, akaniambia kwa Kiswahili:

"Huyu naye ana sura ya mtu aliyenyimwa chai. Mpe kiti, asituzibie simu."

Yule bwana akainamisha kichwa. "Ahsante sana, mama," akasema, kwa Kiswahili safi cha vitabuni. "Kwa hakika sijastaftahi. Ningependa kufahamu, ni upande upi unaoongoza?"

Aliitwa Dakarai, alisoma Kiswahili miaka minne chuoni, na siku zote alikuwa akitafuta wa kuzungumza naye. Mama Ghati akamvutia kiti kwa mikono yake, akamtafutia na chai. Mkaguzi alikaa raundi tatu na vikombe viwili vya chai, Bwana Tanabe akimfafanulia kila mrusho, kisha akainuka akakagua kila chumba bila huruma. Alitupata na kosa moja: wakazi kumi na mmoja walitoka nje bila kuandikwa kwenye daftari. Kwenye maoni akaandika: "Wakazi walionekana wakibishana kwa sauti kubwa na afya njema."

Meneja wetu, Ethan, ni mtu wa haki. Jumatatu alimkabidhi Mama Ghati bahasha mbili. Moja ilikuwa onyo kwa ajili ya daftari. Nyingine ilimpandisha cheo kuwa mkuu wa burudani. Ya onyo ndiyo aliyoitia fremu.

Bwana Tanabe aliishi miaka mingine mitatu na akaziona mechi zote za nyota. Alimfundisha Mama Ghati kuandika matokeo kwa penseli, na kule kumgombeza kila alipokosea kulikuwa dawa iliyomfaa kuliko nyingi nilizompa mimi. Alipofariki, Mama Ghati alimvalisha tai kwa mikono yake. Julai iliyofuata alitangaza mechi kwa usahihi kabisa, bila kosa hata moja, na wazee wakalalamika kwamba haichekeshi kama zamani. Alikwenda stoo. Safari hiyo hazikuwa dakika tano.

Mwezi ujao yeye na binti yake Bwana Tanabe wanapanda ndege kwenda Japani, kukaa uwanjani na kuwatazama nyota kwa macho yao. Baadaye atashuka Isibania, kwenye nyumba aliyoijenga chumba kwa chumba kila likizo, ambayo sasa imebakiza rangi tu.

Mama Ghati, asante kwa migongo uliyoiokoa na midomo uliyoifungua. Safari zako ziwe njema, magoti yako yapate nafuu, na usingizi wako ufike hadi jua lichomoze. Simu ikiita alfajiri, usihangaike, hakuna aliyekosa kuja kazini. Ni mimi, nimekukumbuka tu.

Chepngetich, nesi, Wodi ya Mashariki