Gambuti Sivui Tena

Chamgei, akina mama wa Kimulot. Na nyinyi wageni kutoka Chepseon na Sigor, karibuni. Mmeniita nishuhudie, na leo sitaongea kwa upole.

Mnakumbuka watu wa filamu walikuja huku. Hadithi yao ilikuwa ya nesi mzungu anayeokoa kijiji cha wachuna chai. Walitaka mama wa mtoto mgonjwa, wakanichagua. Nilifurahi, sitawadanganya. Nilisuka nywele, nikafika na sweta ya kanisa, aproni ya plastiki na gambuti, vile tunaendanga kuchuna.

Dairekta aliniangalia kutoka juu mpaka chini. Akasema sweta itoke, nifungwe kitambaa kichafu, na gambuti nivue. Mkalimani wake akaniambia, "Mama, wanataka ukae kama mtu wa kijijini kabisa."

Nikamjibu, "Mimi ndio mtu wa kijijini, na kijijini tunavaa gambuti." Hiyo hakutafsiri.

Ndugu zangu, nawaambia, hata kuku wa hapa anajua: chai ikishapruniwa, ikakatwa chini, visiki vinabaki na ncha kama misumari. Huingii na miguu tupu. Lakini kamera zilikuwa tayari na watu wote wananingoja, nikavua. Wakanifunga mtoto wa plastiki mgongoni, wakasema kimbia. Sikufika mbali. Kisiki kiliingia kwa unyayo, nikaanguka kwa matope, nikalia kwa Kipsigis na sauti yangu yote: "Nimechomwa na kisiki, niitieni mtu anisaidie!"

Dairekta alipiga makofi. Alisema imetoka vizuri sana.

Kile kidonda kilioza. Mvua ilikuja, majani yakajaa, na mimi niko kitandani nasikia wenzangu wakipita kwenda shambani. Halafu filamu ikaletwa, tukaonyeshwa kwa ukumbi wa kanisa. Nilikuja nikichechemea, nikakaa mbele kabisa.

Nikajiona kwa matope, mdomo wazi. Sauti yangu walikuwa wameitoa, wakaweka ngoma. Ngoma, jamani. Ni nani hapa amewahi kuchuna chai na ngoma? Chini ya skrini kulikuwa na maneno ya Kiingereza, na mwalimu mmoja akatusomea: "Mizimu ya msitu imekasirika! Mama mzungu, tuokoe!"

Watu walicheka. Wengine wenu mko hapa, mnajijua.

Mimi, mwalimu wa shule ya Jumapili, nikawa Mama Mizimu. Kwa posho mill nikienda kusaga mahindi, Mama Mizimu. Kwa kituo cha kupimia majani ya chai, Mama Mizimu. Niliacha kufundisha, nikaacha kanisa, nikawa natuma watu dukani. Niliona aibu mpaka ya kusalimia jirani.

Siku moja binti yangu alitoka shule akakaa jikoni, chakula hagusi. Akaniuliza, "Mama, ni kweli ulisema hiyo kitu?"

Nikamwambia maneno niliyosema. Akaangalia mguu wangu, kovu lote.

"Sasa mbona wewe ndio unajificha?"

Nililia, halafu nikakasirika, na hiyo hasira ndiyo iliniponya.

Walirudi kupiga sehemu ya pili. Nilikuwa wa kwanza kufika, na gambuti zangu. Dairekta akaanza tena: akina mama wote wavue. Nikasimama mbele ya kamera yake. "Gambuti sivui. Kama unataka miguu tupu, vua zako, mimi nikupige picha." Mkalimani akaangalia chini. Nikamwambia, "Leo utatafsiri." Akatafsiri, neno kwa neno.

Dairekta alisema watu wa kwao hawataamini hii ni Afrika. Nikamuuliza, "Na sisi tunaokaa ndani yake?"

Yule mama aliyenicheka kushinda wote akaja akasimama kando yangu. Halafu mwingine. Hakuna aliyevua. Mwishowe walitupiga picha kutoka kiunoni kwenda juu, na wakaondoka wakinung'unika.

Asante kwa mama aliyeniosha kidonda na maji ya chumvi kila asubuhi. Asante kwa wale walionichunia majani. Asante hata kwa mkalimani, alichelewa lakini alifika. Na binti yangu, yuko pale nyuma anajificha sasa.

Mtu akikuelekezea kamera, muulize kwanza anataka kusema wewe ni nani. Jibu likikukataa, na wewe kataa.

Ile filamu ya kwanza bado inazunguka, siwezi kuifuta. Kuna mtu mbali huko anaiangalia na kuamini sisi ni watu wa kuogopa miti na kungojea mzungu. Kwa hivyo mkiiona mahali popote, mkiniona kwa matope, msisikize ngoma. Mwambieni aliyekaa karibu: huyu mama anasema amechomwa na kisiki, na anaita mtu amsaidie.

Kongoi, asanteni.