Tela la Saba la Fundi Hashimu

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Kasulu mjini, Kibondo, Buhigwe, hadi ninyi wa Gwarama mnaopalilia mahindi huku redio imetundikwa kwenye mpini wa jembe, karibuni tukae pamoja.

Leo tunamkumbuka Hashimu Saady, fundi umeme wa magari wa hapa Kasulu. Ametutoka Jumatano iliyopita akiwa na miaka hamsini na tisa. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Lakini niwaambie mapema, msije mkaniona nina haraka isiyo na adabu. Marehemu ameacha jambo halijaisha. Kuna tela moja liko barabarani, breki zake zinaweza kukataa mlimani wakati wowote. Alilifunga yeye mwenyewe. Akalitafuta mwaka mzima, hakulipata. Nitasimulia maisha yake kama desturi ya kipindi hiki, ila wewe mwenye tela weka hicho kijiko chini unisikilize.

Baba yake alitoka Pangani na mabunda ya kanga, akafungua duka hapa mjini. Alitaka mwanawe apime vitambaa. Wapi! Kijana akapenda nyaya. Ufundi alifundishwa na Mrundi mmoja aliyekuwa kambi ya wakimbizi, akiitwa Habonimana, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Siku zile waya madukani ulikuwa wa rangi moja tu. Basi Habonimana akamfundisha kupiga mafundo: fundo moja ni waya wa betri, mawili ni wa hasi, matatu ni wa taa za breki, manne ni unaokwenda kwenye tela. Hata rangi zilipojaa madukani Hashimu hakuacha. Alikuwa akisema, "Rangi inafifia. Fundo halififii."

Miaka hii ya karibuni yakaanza kuingia matela ya mtumba, yale yenye breki za umeme. Niwaeleze kidogo, maana hapa ndipo penye shida. Gari likivuta mzigo mzito, breki za gari peke yake hazitoshi. Ukishuka mlima tela linakusukuma kwa nyuma. Kwa hiyo chini ya dashibodi kinafungwa kikasha, mafundi wanakiita kontrola. Dereva akikanyaga breki, kontrola inapeleka umeme nyuma, sumaku zilizomo kwenye magurudumu ya tela zinashika. Hashimu ndiye aliyekuwa akizifunga hapa kwetu. Alifunga kwenye magari saba. Saba tu.

Sasa sikilizeni kosa. Nyaya za kwenye gari alizifunga vizuri, hakuna wa kumtia dosari. Kosa lilikuwa kule nyuma. Umeme ukienda lazima urudi, na kurudi kunataka waya wake. Lakini huku kwetu tumezoea tangu enzi za matrekta: chuma kimegusana na chuma, basi umeme utarudi kupitia kwenye kiungo, pale tela linaposhikana na gari. Taa zikiwaka, kazi imekwisha. Na madereva wetu nani asiyewajua? Kiungo kikianza kulia kwii kwii, wanakipaka mawese. Mawese yakikutana na vumbi letu jekundu yanaganda kama ugali wa juzi. Umeme unapita kwa shida. Taa ndogo itawaka, maana haili umeme mwingi. Sumaku za breki zinataka umeme wa kutosha, na hazitashika.

Hashimu aliyajua haya siku Didas alipoanguka. Didas ni dereva wa kikundi cha wakulima, alikuwa anashuka kuelekea Mto Malagarasi na magunia arobaini ya mahindi. Nilimwuliza ilikuwaje. Akaniambia, "Nilikanyaga breki, gari likatii, tela likakataa. Likanisukuma. Nikaona nikiendelea hivi nitawakuta watu darajani, nikaligeuza kwenye ukingo wa mlima." Mungu saidia, alivunjika mfupa wa bega tu.

Fundi akapanda bodaboda akaenda. Akapima kwa testa, kile kitaa cha kupimia umeme, testa ikawaka. Akapima tena, ikawaka. Didas anasema alimwona fundi ametulia, karibu atabasamu, kama mtu aliyeona kosa si lake. Kisha akainama, akapitisha kidole kwenye kiungo. Kidole kikatoka cheusi. Akapangusa kile chuma kwa shati lake alilovaa, akamwomba mtu akanyage breki. Nyuma, magurudumu yakashika, kwap. Fundi akakaa chini kwenye majani. Wakamwuliza kama anaumwa. Akajibu, "Yako mengine sita."

Yako mengine sita, wasikilizaji wapendwa. Yote kayafunga vilevile, na yote yako milimani.

Aliporudi nyumbani alimwambia mkewe, Bi Asmahani, kwamba kesho anakwenda redioni. Bi Asmahani amenisimulia mwenyewe, na haoni haya kulisema. Alimwambia, "Baba Anifa, ukitangaza hivyo nani atakuletea gari tena? Watafute kimyakimya." Mume akamjibu, "Kimyakimya nitawapata wangapi, Mama Anifa? Na mlima haunisubiri mimi."

Akaja hapa kituoni. Amevaa shati lililopigwa pasi, chai niliyompa hakuinywa. Na mimi nikiri langu leo. Nilimshauri aseme kuna "kasoro ndogo." Nilimwonea huruma, jina la fundi ndilo shamba lake. Akanitazama akasema, "Si ndogo." Akasogea kwenye maiki akasema hivi, na nayanukuu: "Mimi Hashimu nimekosea. Kama nilikufungia breki za tela, usishuke nalo mlima. Niite nije, popote ulipo." Baadhi ya mafundi wenzake walikasirika. Mmoja alimwambia usoni kwamba anaharibu soko la watu. Wateja nao wakapungua kweli, hilo Bi Asmahani alilitabiri na likatimia.

Lakini magari yakaanza kurudi. Mawili Kibondo, moja Buhigwe, mawili hapahapa Kasulu. Kila moja alilivutia waya wake wa kurudia, kutoka kwenye sumaku mpaka kwenye plagi, mpaka betri. Kisha akapanda yeye mwenyewe kiti cha mbele, akashuka mlima na mwenye gari. La Didas moja, yaliyorudi matano. Jumla sita. Likabaki moja.

Hilo la saba lilikuwa la mpita njia. Pikapu nyeupe, tela limebeba mashine ya kusaga. Mwanamume alisema anakwenda kuanza maisha "huko juu", hakusema juu ya wapi. Mkewe alikaa mbele amempakata mtoto mwenye meno mawili, na yule mtoto alikuwa akikizungusha kitufe cha kontrola kila fundi akigeuka. Hashimu alicheka sana siku ile. Jina la mwenye gari hakulishika. Namba ya gari hakuikumbuka. Alimkumbuka mtoto.

Basi ukaanza mwaka wa kutafuta. Siku za soko mlimwona, msiseme hamkumwona. Mtu mzima anapiga magoti nyuma ya kila tela lililoegeshwa, anachungulia kama waya una mafundo yake manne. Wapo waliomtania, "Fundi, umeangusha hela?" Alikuwa akicheka nao, kisha anahamia tela linalofuata. Nyumbani usingizi ulimpungua na chakula kilimshinda. Ikisikika habari ya ajali, iwe Kakonko iwe wapi, alikuwa anauliza jambo moja tu: gari lilikuwa la rangi gani?

Presha ikampanda, moyo ukachoka. Alilazwa wiki mbili. Waliokwenda kumwona mnajua, hakuwaulizia habari za nyumbani. Aliuliza, "Limeonekana?"

Jumanne ile, Bi Asmahani alikaa kando ya kitanda na kumwona mumewe anavyohangaika. Roho ikamuuma. Nimemwomba ruhusa niliseme hili, naye amesema, "Sema, ili wajue." Alimwinamia sikioni akamwambia, "Baba Anifa, limepatikana. Wamepiga simu. Pumzika."

Fundi akafumbua macho. Bi Asmahani anasema uso ulimng'aa, akadhani amemsaidia. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Waya kaufunga nani?"

Bi Asmahani hakuwa amelifikiria hilo. Angeweza kutaja jina lolote, ulimi ukagoma. Fundi akamshika mkono, hakumkasirikia. Akasema, "Basi bado." Alfajiri ya Jumatano akafariki.

Kwa Bi Asmahani, kwa binti yao Anifa, kwa ukoo wote wa Mzee Saady hapa Kasulu na Pangani, sisi wa kituo hiki tunawapa pole nyingi. Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu na awape subira. Na sisi tuliobaki tujipime: ni kazi ipi tuliyoiacha mikononi mwa watu tukijua haiko sawa, na tunanyamaza tukilinda jina?

Na wewe baba wa pikapu nyeupe, mwenye mashine ya kusaga. Mtu akufikishie ujumbe huu kama redio huna. Huulizwi kitu wala hulaumiwi. Fundi Isack, jirani wa marehemu pale gereji, amefundishwa namna ya kuliweka sawa, na amesema atakufuata uliko. Piga simu hapa kituoni. Ukipita tu mtu akakwambia tela lako linatafutwa, simama hapohapo, wateremshe mama na mtoto. Bi Asmahani anataka kwenda kaburini kwa mumewe na jibu la lile swali, jina la mtu aliyeufunga waya, na safari hii anataka liwe la kweli.