Masinde Achague Kitabu Gani

Kijiwe chetu ni ubao mmoja mrefu mbele ya kibanda cha mume wangu, Masinde, anayetengeneza redio karibu na soko la Kibuye. Mimi huuza chai hapo, mtoto mgongoni. Masinde amejiundia redio inayonasa watu wa nchi za mbali wakiitana, lakini bila leseni haruhusiwi kuwajibu. Mwaka jana, 1987, alienda Nairobi kufanya mtihani wa leseni hiyo. Hesabu alipita, akaanguka kwenye Morse, zile herufi za mlio mfupi na mlio mrefu. Sasa amepata nafasi ya pili. Nabututu, muuza vitabu kuukuu, alimwachia vitabu vitatu hadi jioni achague kimoja, na hakuomba rehani yoyote. Mungu amweke.

Injinia, ambaye hutengeneza baiskeli, alikamata kile kinene chenye michoro ya waya.

— Chukua hii, Bwana Masinde. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

— Sasa uchi imeingiaje hapa? akauliza Refa, mchezeshaji wetu wa mechi za mtaa, filimbi shingoni.

— Ukificha kitabu nyembamba mfukoni, nani atajua umesoma? Hii unaweka kwa meza ya mtihani. Msimamizi akiiona, ataogopa kukuuliza mambo mingi.

Refa alicheka hadi chai ikamwagika. Yeye alitaka kile cha maswali na majibu. Mtihani ni kama penalti, alisema, unajua tu kipa ataruka wapi. Alipoona Injinia anapinga, akaongeza kwamba hata maswali yasisomwe, majibu pekee yanatosha, kwa sababu maswali ndiyo huchanganya mtu.

Cha tatu kilikuwa kijitabu cha maskauti, chenye ukurasa mmoja wa Morse. Injinia alikuwa amekiwekea kikombe juu.

 Mwaka jana Masinde alichora nukta na vistari ukutani juu ya kitanda chetu, akavikariri kwa macho hadi akavijua vyote.

Ndipo akaja mteja mgeni, Metrine, mama wa samaki kutoka Port Victoria, kuchukua redio yake. Alisikiliza kidogo, akauliza:

— Hizo herufi, kwa mtihani atazisoma ama atazisikia?

— Nitazisikia, Masinde akasema polepole.

— Na hapa, nani humpigia azisikie?

Injinia akatazama kikombe chake. Refa akatazama barabara. Mimi nikakumbuka ule ukuta ninaolala chini yake.

Refa akaondoa kikombe, akapangusa kijitabu kwa shati lake, akanipa. Akamwambia Masinde atupe mgongo. Nikaonyesha herufi kwa kidole, naye Refa akapuliza filimbi: fupi, ndefu. Wapita njia wakageuka. Akapuliza tena.

— A, akasema Masinde.

Injinia mwenyewe alivirudisha vile vitabu viwili kwa Nabututu, kwa baiskeli, huku akinung'unika kwamba kile kinene bado kingefaa.

Chai ilipoisha, Refa alivua filimbi akaiweka mkononi mwangu. Sikujua nishukuru vipi, nikamwoshea kikombe. Kisha nikamkumbusha kwamba Jumapili ana mechi.

— Shemeji, mimi nina vidole viwili na mdomo, alisema. Wewe pulizia mtu wako.