Shimo Lisilozibika

Ukitaka kuwaona watu wanaojua kila kitu na hawana kazi yoyote, vuka mto, panda mtaa wa Alunguli, ulizia kwado, yule fundi wa kuziba mipira. Mbele yake iko mipira miwili mibovu ya kamyo ya mizigo, na juu yake ubao. Hicho njo kijiwe chenyewe. Fifi anauza kahawa ya tangawizi pembeni. Hatua thelathini kutoka hapo, katikati ya barabara, kuna shimo, na kando ya shimo kuna polisi mwenye filimbi. Ukilikwepa shimo unaingia upande usio wako, na ukiingia upande usio wako unapigwa amande, faini ya mwaka huu, ile nzito iliyotangazwa kwamba itajenga barabara zote za mji. Alhamisi hiyo Sumaili, ambaye wenzake walimwita Pedali kwa sababu wakati wa vita alisukuma kinga, baiskeli yenye magunia ya chumvi, hadi Tunda, alikaa na kikombe ambacho hakukinywea. Pikipiki ya mwanawe Soudi, motari wa kubeba abiria, ilikamatwa pale Jumatatu. Amande isipolipwa kabla ya saa kumi alasiri hii, pikipiki itauzwa mnadani, na nyumba nzima ilikula kwa pikipiki hiyo.

— Laki tatu kwa kukwepa shimo! — alisema Onema, wanayemwita Radio kwa kuwa habari humfikia kabla ya jambo lenyewe kutokea. — Angetumbukia angevunjika shingo bure, bila kulipa kitu.

— Sheria ni sheria, — akajibu Djamali, kwa jina la kijiweni Avoka, yaani wakili, ambaye mahakamani aliingia mara moja tu, kwa kesi ya mbuzi. — Muntu anakosa, analipa. Franka zinakusanywa, shimo linazibwa. Iko wazi.

— Linazibwa na nani? Jumamosi mtaa mzima tulifanya salongo, tukajaza changarawe mpaka juu. Jumatatu asubuhi shimo liko palepale, mdomo wazi.

— Mvua.

— Mvua ya wapi, Avoka? Mwezi wa saba huu! Hata vyura wanalia kiu.

Sumaili akapuliza kahawa iliyokwisha poa zamani.

Radio akasogeza kichwa katikati ya wenzake.

— Mimi nitawaambia. Polisi mwenyewe njo anachota. Lile shimo ni shamba lake. Nani anafukia shamba lake?

— Yule? Yule anaogopa kuchafua viatu! — Avoka akasimama, maana uongo mkubwa hausemwi mtu akiwa amekaa. — Chini ya pale Wabelji walizika bomba kubwa, linaenda moja kwa moja mpaka mtoni. Kila changarawe tunayomwaga inateremka na maji. Kisangani wanajengea nyumba, na sisi tunapiga makofi.

— Na amande zetu je? — akauliza Fifi.

— Zinapita bomba lilelile!

Wakacheka mpaka ubao ukatikisika. Soudi, aliyekaa mwisho wa ubao, hakucheka.

— Chekeni, — alisema. — Saa kumi wanauza pikipiki. Kesho watoto wangu nitawapikia kicheko chenu.

— Pole, mutoto yangu, — Fifi akasema, akajimwagia kahawa mkononi kwa haya.

Sumaili alikisogeza kikombe kando. Alitaka kusema. Tangu Jumatatu alitaka kusema, na kila akifungua mdomo aliishia kusalimia tu. Polisi hakuchota kitu, maskini, wala bomba halikuwepo. Kila baada ya salongo, akitoka kuswali alfajiri, Sumaili alipitia pale na beche yake ya kuchotea, akaondoa changarawe, akaimwaga kwenye mtaro. Miaka zaidi ya ishirini alifanya hivyo, na watu wakaisingizia mvua. Sasa amande imekuja, polisi wamemsimamisha mtu palepale, na wa kwanza wa nyumba yake kunaswa ni mwanawe.

Ndipo mwanamke mmoja akafika anasukuma mkokoteni wenye gurudumu bapa. Jina lake Kyakimwa, anauza maharagwe sokoni. Alikuwa na miezi mitatu tu hapa mjini Kindu. Alikimbia risasi za Kivu ya Kaskazini na watoto wanne na godoro moja.

— Jambo yenu, wababa. — Akampa kwado gurudumu, akageuka kulitazama shimo. — Samahani, mimi ni mgeni. Jumamosi nilileta mabeseni mawili ya changarawe kwa kichwa changu hiki. Nani anatoa?

Radio akamwonyesha polisi kwa kidevu. Avoka akaonyesha chini, kwenye bomba lake.

— Ni miye, — alisema Sumaili.

— Baba Soudi, acha mchezo, — Fifi akasema.

— Ni miye. Nililichimba mimi na mwenzangu Yusufu, wakati wa vita. Wenye bunduki walikuwa wanakuja na kamyo, nyumba kwa nyumba. Kamyo ikatumbukia mule, ekseli ikavunjika. — Alimtazama mwanawe, na machozi yalikuwa yanamtoka bila aibu. — Walipokuwa wanahangaika nayo, mama yako alikukimbiza porini, uko mgongoni, bado unanyonya. Yusufu alibaki nyuma. Hakurudi. Nikasema, shimo hili nikiwa hai halitafukiwa. Siku wakirudi, watakwama tena.

Soudi alikuwa amesimama.

— Na pikipiki yangu, Baba? Mimi njo nimekwama! Unawangoja watu gani? Vita iliisha!

— Iliisha? Nani alikuambia?

Soudi akamgeukia Avoka. Avoka akamtazama Radio, Radio ambaye siku zote ana habari. Kisha wote wakamgeukia Kyakimwa, kwa sababu yeye alitoka kule.

Kyakimwa akainama, akajifanya kutafuta msumari uliotoboa gurudumu lake.

— Niwekee na mimi kahawa, dada, — alisema bila kuinua uso.

Fifi akainamisha birika. Ilitoka tangawizi tupu, kahawa imekwisha.

Kule shimoni filimbi ikalia. Motari mwingine alikuwa amekwepa.